Mke wangu ameniachia jina la mashine, na wivu bado haujaniisha

Admin, nifiche vizuri, maana Nakivale ni kubwa lakini maneno yake yanafika haraka. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, Mkongo wa Kivu Kusini, fundi wa kuchomelea vyuma. Nina mke na watoto, tunasali, sinywi pombe, sijawahi kumwinulia mke wangu mkono. Shida yangu ni wivu. Na kabla hamjaanza kuuliza huyo mwanaume ni nani, hakuna mwanaume. Namwonea wivu mke wangu mwenyewe.

Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, tuna karakana ya jamii, sisi tunaiita ateliye. Vyombo ni vya wote: mashine ya kuchomelea, dirili, cherehani, kompyuta za wanafunzi. Mwenye wazo anaingia, mwenye biashara ndogo anakuja kutengeneza bidhaa yake, na hakuna anayeulizwa cheti. Kuna desturi moja: kifaa kipya kikishakubali kufanya kazi, jina la aliyekibuni linaandikwa juu yake kwa moto wa kuchomelea, na mwenye jina ndiye anayetumwa kukionyesha na kuwafundisha wengine. Majina mengi pale nimeyaandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu kwenye chuma ni mzuri. La kwangu halijawahi kuandikwa.

Mwaka huu nikapata wazo langu. Kwa wafugaji wa hapa, wanawake wanatikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka mikono inakufa ganzi ili wapate siagi. Nikachukua baiskeli kuukuu, nikaikata, nikaunganisha pedali na mtungi wa chuma wenye mapanga ndani. Ukikanyaga, mapanga yanazunguka. Nilijiona nimefika! Siku ya kujaribu mbele ya watu, maziwa yalizunguka, yakatoa povu, yakaruka mpaka kwenye suruali ya mkubwa wa ateliye. Siagi hakuna. Nikabadilisha mapanga, nikaongeza mwendo, na povu nalo likaongezeka.

Mke wangu, nimwite Mama Furaha, alikuwa ameniletea chakula. Akasimama, akatazama, akasema kwa upole: "Baba Furaha, weye unazungusha. Maziwa haizungushwi, inatikiswa. Mama zetu kule ku milima balikuwaka banazungusha?"

Watu wakacheka. Mkubwa akamwambia ajaribu. Basi mke wangu akanielekeza nitoe mapanga, niulaze mtungi, niufunge kwenye fremu ili pedali iusukume mbele na kuurudisha nyuma. Nilichomelea huku nimenuna. Tukakanyaga, na haikuchukua muda siagi ikawa imejikusanya. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamkumbatia yeye. Mimi nilibaki nimeshika kofia ya kuchomelea.

Sasa niambieni. Baiskeli ilikuwa yangu, wazo la kwanza langu, kila kiungo nimekichomelea mimi. Lakini kikao cha ateliye kikaamua kwamba jina ni lake. Mkubwa wetu, Mnyankole, mwenyeji wa huku anayekaa Ruharo mjini Mbarara, akanishika bega: "Ssebo, bwana, wewe nafanya kazi muzuri. Lakini yako ilileta povu, ya mama ndiyo nafanya siagi. Hapana kasirika." Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tangu hapo sina raha nyumbani kwangu. Mfanyabiashara wa maziwa alitoka Bwizibwera kwa pikipiki, akanikuta mlangoni, akauliza: "Mama ya mashine iko? Wewe nafanyia yeye kazi?" Nikamjibu kwamba ameenda sokoni, ilhali alikuwa jikoni anasonga ugali. Wasichana wa sekondari wanakuja kumuuliza maswali, anawachorea kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, wanacheka pamoja, na mimi niliye nje roho inaniuma kwelikweli. Mungu anisamehe, afadhali angekuwa na mwanaume. Mwanaume ningejua pa kumshika. Lakini mke anayeniheshimu, anayenipikia, na bado amenishinda kwenye chuma changu mwenyewe, nimfanye nini?

Jumamosi hii kuna maonyesho Mbarara, pale Kakoba, na atakayeipeleka mashine huenda akapewa nafasi ya kutengeneza nyingine kama hiyo hukohuko. Kibao cha jina kwenye mashine bado kitupu, na mwandishi ni mimi. Kila mara mkubwa wetu akiuliza, nasema umeme leo hautoshi. Jana mke wangu akanifuata ateliye, akanikuta peke yangu. Nilidhani amekuja kunigombeza, nikajiandaa na majibu yangu yote.

Akasema: "Andika jina yako. Nilisha kuongea na mukubwa, amekubali. Mashine tutatengeneza zingine mingi. Mimi nataka tu ukuwe vile ulikuwaka."

Hakulia, hakununa. Akachukua sahani za mchana, akaenda zake. Laiti angegombana! Ningekuwa na cha kushika. Sasa ushindi ninao mkononi, na ni yeye aliyeniwekea, jinsi unavyompa mtoto kipande cha muwa ili anyamaze.

Na msinishauri niandike majina yote mawili. Anayetumwa ni mmoja, jina ni moja, ndivyo ilivyo kwetu na kila mtu anajua.

Nikiandika lake, ataenda Mbarara, na mimi nitabaki hapa niitwe bwana wa mama wa mashine. Sijui kama moyo wangu utakubali. Nikiandika langu, Jumamosi nitapanda gari, naye atasimama na watoto anapiga makofi. Namjua mke wangu. Atayapiga kwa moyo wake wote, na hayo makofi ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote.

Ndugu zangu, nishaurini. Chuma kiko mbele yangu, niandike jina la nani?