Mzani wa Ndege ya Mafia

Mbele ya mzani asubuhi ile tulikuwa wanne: mie, mdogo wangu wa kike, bibi mmoja aliyelala kwenye gesti ninayofanya usafi huku Yombo, na karani wa mizigo. Bibi na mdogo wangu walikuwa wanapanda ndege moja ndogo ya Mafia, kwa hiyo tulichukua bajaji pamoja hadi uwanjani.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, mdogo wangu akaendelea. Sasa alikuwa amepata kazi ya kushona mapazia na sare kwenye hoteli ya watalii kisiwani. Walimwambia aje na cherehani yake, na afike siku hiyohiyo. Asipofika, yupo mwingine.

Kichwa cha cherehani ya marehemu mama nilikifunga kwa kanga tatu, nikakitia begini. Sikujua ndege ndogo huhesabu kila kilo.

"Sista, humu mna nguo au injini ya fuso?" karani akauliza. Kilo saba zilizidi.

Nikasema nitalipia.

"Ishu siyo hela. Ndege imejaa. Labda mtu ashushe mzigo."

Mdogo wangu akaanza kutoa nguo zake. Zote hazikufika kilo tatu. Akasimama ameshika gauni.

Bibi alikuwa keshapimwa. Akarudi, akachomoa kiroba cha mchele kwenye mzigo wake. "Toa hiki, mtoto apite."

"Bibi, huo si wa arobaini ya kaka yako?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Kaka yangu keshakufa, hana njaa. Huyu ndiye anayetaka kula."

"Na wewe mwenyewe ungepungua kidogo, bibi," karani akamtania.

"Nipungue? Nyama hizi nimezitafuta miaka sitini!"

Bibi na mdogo wangu wakaondoka, na cherehani. Mie nikabaki na kiroba, nikiwa nimeahidi kitafika kabla ya Ijumaa, siku ya kisomo. Ndege ya kesho yake ilikataa mzigo. Nikautuma mchele kwa boti, ukafika Jumamosi. Watu walikuwa wamekula mihogo wakatawanyika.

Nilipompigia bibi kuomba radhi, aliniuliza tu kama nimekula. Nikamwambia akija Dar, chumba ni juu yangu. Hajaja. Na hata akija, arobaini haisomwi mara mbili. Sijui nitamlipa nini.