Nusu Yangu ya 10,007

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa darasa la nane, shule yetu ya upande wa Chepsaita. Mwanangu, shule yangu iliishia hapo, na mkono wangu huandika polepole. Nivumilie.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametupa nambari moja tukatafute nyumbani inagawanyika kwa ngapi bila kubaki kitu: 10,007. Atakayefaulu angeenda mashindano Eldoret mjini. Rafiki yangu Otieno, ambaye babake alitengeneza matrekta shamba la jirani, aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Baada ya kukama tuliketi kando ya zizi, tukagawana kazi. Otieno alisema tujaribu zile nambari zisizogawanyika zilizo chini ya mia. Zote zikishindwa, basi hakuna nyingine itakayoweza, maana mia na moja mara mia na moja tayari inapita nambari yetu. Yeye akachukua kuanzia mbili hadi arobaini na moja. Mimi nikachukua arobaini na tatu hadi tisini na saba. Nilihesabu kwa kijiti udongoni, kisha nikanakili daftarini. Kila mara kitu kilibaki. Kwa tisini na saba ilibaki kumi na sita.

Asubuhi wenzetu walibahatisha. "Tatu, Mwalimu!" "Saba!" Naye akakubali, maana karatasi yake ya majibu ilisema hivyo. Otieno akasimama.

"Haigawanyiki, Mwalimu. Ni kwa moja na kwa yenyewe tu."

"Wewe profesa, umeshinda kitabu?" Darasa likaangua kicheko. "Umejaribu zote?"

"Mpaka arobaini na moja. Hizo zingine..." Akanitazama. Hakunitaja.

"Nani mwingine ameona hivyo?"

Daftari langu lilikuwa wazi mbele yangu. Nikalifunika kwa mkono. Haya nilizaliwa nazo, mwanangu, lakini mkono ule niliusogeza mwenyewe. Mwalimu akafuta jina la Otieno kwenye orodha ya waliotarajiwa kwenda mashindano, akaandika langu, eti mimi si mbishi.

Jioni nilimweleza nyanya yangu, nikidhani atafurahi. Aliacha kuosha kibuyu cha maziwa.

"Mwenzako alikuamini na nusu ya kazi, wewe ukamwachia kicheko chote. Kesho nenda useme."

Nilisema nitakwenda kesho. Kesho ikazaa kesho. Mashindano nilienda, na sikujibu hata swali moja. Wiki iliyofuata Mwalimu akagundua alikuwa amenakili vibaya: kitabuni ilikuwa 10,017, ambayo kweli hugawanyika kwa tatu na kwa saba. Alikuja darasani kumwomba Otieno radhi. Dawati lilikuwa tupu. Babake alikuwa amepata kazi kwao upande wa ziwa, wakahama wote Jumamosi. Sikumwona tena. Wazee husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu ameshaota mvi.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa na nusu ya ukweli na mwenzako amesimama na nusu yake, simama na yako, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje haya zikuishe kwanza. Zangu hazijaisha mpaka leo. Na likikupita la leo, la kesho lisikupite. Nenda mlangoni kwake kabla hajafunga mizigo.

Mungu akupe sauti siku utakayoulizwa, na akupe rafiki asiyekutaja hata ukimwangusha. Na ukifika upande wa ziwa ukamkuta Otieno aliyesomea Chepsaita, mwambie zangu zote nilizijaribu. Kwa tisini na saba ilibaki kumi na sita.