Dumu la Posa kwenye Mteremko wa Kibimba

Ukiniuliza kiangazi kile kilinukia nini, nitakujibu bila kufikiri: petroli na ndizi zilizoanza kuchacha. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akikamua ndizi nyuma ya nyumba yake huko Kibimba, na baba alikuwa ameegesha pikipiki yake kwenye ukuta uleule, tangi likivuja kidogo kama lilivyozoea. Harufu hizo mbili ziligombana puani mwetu kutwa nzima. Nyuki walikuja kwa ajili ya ndizi, watoto wa jirani wakaja kwa ajili ya pikipiki, na bibi aliwafukuza wote kwa fagio moja, akinung'unika kwa Kirundi chake ambacho sisi wajukuu tulikielewa nusu tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, na niliona dunia yote imetengenezwa kwa ajili yangu.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alizaliwa Kibimba, wilayani Ngara, lakini alipooa alihamia Kaniha, upande wa Biharamulo, kutafuta shamba. Kaniha ni nchi ya mahindi na mihogo, ardhi imelala, ukisimama barabarani unamwona mtu anayekuja tangu akiwa nukta. Mama alibaki huko na mtoto mchanga. Sisi tulikwenda kwa bibi kwa sababu baba mdogo Gaspari, mdogo wa mwisho wa baba, alikuwa anapeleka posa kwa familia moja ng'ambo ya mto. Na kwa watu wetu posa haipelekwi mikono mitupu. Inapelekwa pombe ya ndizi, ile ambayo bibi aliiita urwarwa, na inapelekwa kwa msafara: wazee mbele, wanawake nyuma na vyombo vichwani, mwendo wa taratibu, ili watu wa upande wa pili wakuoneni mnavyokuja na wapate muda wa kutengeneza nyuso zao.

Sasa nimlete Yusto, kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mchekeshaji, na anajua pikipiki. Naam, anajua! Alijifunzia kwenye tambarare ya Kaniha, na walimu wake walikuwa vijana wa bodaboda wa Nyakanazi, pale njia panda ambapo malori ya Rwanda na Burundi hulala. Walimfundisha kila kitu isipokuwa kuogopa. Alijua kuendesha amesimama, alijua kuachia usukani na kupiga makofi, alijua kupakia mshikaki, watu wanne kwenye kiti kimoja, wa mwisho akiwa amekalia chuma. Alijua pia kuzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Mteremko wa Kaniha, jamani, ni mahali ambapo hata baiskeli unaikumbusha kushuka. Leseni hakuwa nayo. Helmeti ilikuwepo moja, nayo ilibaki nyumbani kwa sababu kuku wa mama alikuwa anaatamia mayai ndani yake na mama alikataa katakata asisumbuliwe.

Baba aliyajua yote hayo na alifurahi. Ndiyo, nasema alifurahi, maana nilimwona. Wageni wakija alimwita Yusto azungushe pikipiki uwanjani, kisha anakunja mikono kifuani na kusema, "Huyu ni dereva, siyo mchezo." Mimi nami nilimpenda kaka yangu kwa namna ya kijinga kabisa. Alipokuwa akipita na mimi nyuma, nywele za timutimu na meno nje, nilijiona nimekuwa mtu mkubwa.

Siku ya posa tuliamka mapema. Pombe ilikuwa tayari kwenye madumu, na bibi aliziba kila dumu kwa jani la mgomba alilolisokota mwenyewe, maana pombe changa bado inafanya kazi, inapumua, inatoa povu, na jani linaiachia ipumue. Hilo halikuwa siri ya mtu. Kila mtoto wa Kibimba alilijua. Lakini Yusto alikuwa mtoto wa Kaniha. Kwetu dumu lilikuwa la maji ya kisima, na dumu la maji unalikaza mfuniko mpaka mwisho, la sivyo unafika nyumbani na nusu.

Yusto akatangaza kwamba atapeleka madumu mawili makubwa kwa pikipiki. Bibi akaweka fagio chini.

"Yusto, mwanangu, pombe ya posa haikimbizwi. Tutatembea wote."

"Bibi, mtafika jua limewaka. Mimi nawahi, nawasubiri kwenye kivuli."

Bibi akamgeukia baba, akitegemea atasema neno. Baba akacheka. "Mama, mwache kijana. Siku hizi ni mambo ya injini." Bibi akatikisa kichwa, akajitwika dumu lake dogo, na msafara ukaanza kwa njia ya mguu. Yusto akafunga madumu ubavuni mwa pikipiki, moja huku na moja huku, mimi nikapanda nyuma na kuweka miguu juu ya madumu. Povu likaanza kuchuruzika kwenye suruali yake mpya. "Ah, hii nini tena!" akasema. Akang'oa majani, akaweka mfuko wa nailoni kwenye kila mdomo wa dumu, akakaza mifuniko kwa nguvu zake zote, na tukaondoka.

Njia ya gari ilizunguka kilima na kushuka mtoni kwa mteremko mrefu wa kokoto nyekundu, migomba upande mmoja na mibuni upande mwingine. Kutoka juu uliona bonde lote, mto ukiwa uzi chini kabisa, na ng'ambo ya pili watu waliovaa vizuri wakitusubiri. Pale juu Yusto alizima injini. Kimya kilichofuata sijakisahau. Nilisikia upepo, nilisikia mbuzi wa mtu, nilisikia kokoto zikiruka chini yetu, na tulikuwa tunakwenda kasi kuliko nilivyowahi kwenda maishani. Nilipiga kelele za furaha. Halafu nikahisi kitu kwenye mguu wangu wa kulia: dumu lilikuwa limevimba, limekaza kama mpira uliojazwa upepo.

"Yusto! Dumu linavimba!"

"Linavimba nini? Shika vizuri!"

Pombe ilikuwa imetikiswa njia nzima bila pa kupumulia. Mfuniko uliruka kwa mlio kama wa bunduki, pombe ikampiga Yusto kisogoni na mgongoni, naye akashtuka, akageuza kichwa, akakaba breki ya mbele peke yake juu ya zile kokoto. Gurudumu la mbele likakimbia upande wake na sisi upande wetu. Mimi nilitupwa kwenye mibuni, nikatoka na mikwaruzo na jino moja pungufu. Pikipiki ilimwangukia Yusto mguuni na kumburuta mpaka kwenye mtaro. Nilipomfikia alikuwa ameloa pombe mwili mzima, yeye ambaye hakuwahi hata kuionja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakulia. Alikuwa ananiuliza, "Pikipiki imeumia? Baba atasemaje?" Nilimchukia kwa swali hilo, na nilimwonea huruma palepale.

Msafara ulisikia kishindo na makelele yangu. Bibi ndiye aliyefika wa kwanza, sijui alipita wapi na umri ule. "Mana yanje!" alikuwa akiita, Mungu wangu, Mungu wangu, na baba nyuma yake bila kiatu kimoja. Mtu akakimbia kuchukua ingobyi. Hiyo ni machela ya kusuka yenye miti miwili, inayobebwa mabegani na watu wanne, na vilima vile vyote vilikuwa nazo. Ikiitwa, mwanamume anaacha jembe shambani na kuja, maana kesho atakayebebwa ni mkewe au yeye. Madumu ya posa yakatuliwa kando ya njia yakaachwa hapohapo, na wazee waliovaa makoti yao ya sherehe wakaweka miti mabegani.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, juu, upande wa wakwe. Kwa desturi, familia mbili za posa hazisogeleani hivihivi. Kuna msemaji wa huku na msemaji wa kule, kuna kujibizana, kuna kujifanya hamjuani. Siku ile hakuna aliyesubiri msemaji. Wale watu waliovaa vizuri waliteremka mbio mpaka majini, na wabebaji wetu walipofika kwenye kivuko wamechoka, mabega ya wakwe yaliingia chini ya miti bila mtu kuombwa. Baba wa binti, mzee mfupi mwenye kofia ya pama, alibeba mbele mpaka zahanati. Baadaye, baba mdogo Gaspari alipoanza kuomba radhi kwamba posa imeharibika, mzee yule alimkata kauli: "Tumeshabeba mtoto mmoja mabegani. Sasa tutaulizana majina ya nini?" Binti yake, sasa mke wa Gaspari na mama yetu mdogo, mpaka leo anatutania kwamba aliolewa bila pombe.

Lakini Yusto hakuwa wa kutaniwa bado. Zahanati walimfunga vijiti na kumtafutia gari, na hospitalini daktari alituambia kwa upole kwamba mfupa ungeunganika, tatizo ni damu kutofika chini. Unyayo ulikuwa umepoa. Kama usingepata joto, wangelazimika kuukata mguu. Baba akavuta kigoda, akakaa mwisho wa kitanda, akaushika unyayo wa mwanawe kwa viganja vyote viwili. Alikaa hivyo. Chakula kilikuja kikapoa, wageni walikuja wakaondoka, yeye ameushika tu, anausikiliza kwa mikono. Sikuwahi kumwona baba akiogopa kabla ya hapo, na niliogopa zaidi kwa kumwona. Siku iliyofuata, baada ya daktari kupita, baba alinyanyua uso akaniambia, "Adela, njoo ushike. Mimi sijiamini tena." Nikashika. Ulikuwa na joto! Kidogo, lakini lilikuwepo. Nilipiga ukelele mpaka muuguzi akaja kunigombeza, na akaugusa yeye pia, akasahau kunigombeza.

Mguu ulipona, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kilichobaki hakikupona upesi. Tuliporudi Kaniha, baba alifunga pikipiki kwa mnyororo kwenye nguzo ya banda, na maneno yake yalikuwa machache: "Mguu umepona, namshukuru Mungu. Lakini mimi na wewe kwenye pikipiki, basi." Yusto aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kusema, lakini baba, si wewe uliyecheka bibi alipokataza? Sikuthubutu. Nadhani baba alijisemea hayo mwenyewe kila siku, ndiyo maana hakuweza kumtazama mwanawe usoni pikipiki ikitajwa. Kaka yangu hakuumizwa na mnyororo. Aliumizwa na kuwa mtoto ambaye baba yake hawezi kukaa nyuma yake.

Akakua. Akaenda kusomea udereva Biharamulo mjini, akarudi na leseni, akaiweka mbele ya baba mezani. Baba akaitazama, akasema, "Hongera," akaendelea kula. Sasa Yusto ana pikipiki yake, yupo kituo cha Nyakanazi, na ni mgumu huyo! Hapakii mshikaki hata umlilie. Ana helmeti mbili, yake na ya abiria, na abiria asiyetaka kuvaa anaambiwa ashuke. Wenzake wanamwita Mchungaji. Yeye anacheka tu, kisha jioni anawachukua vijana wadogo wanaojifunza, anawapeleka kwenye uwanja mtupu, anawafungia madumu ya maji ubavuni na kuwaambia washike breki mbili taratibu, tena, tena, mpaka wachoke.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapohapo Nyakanazi, na kila nikipita stendi nawaona wavulana wa umri ule ule. Wanasimama juu ya pikipiki, wanaachia usukani, kichwa wazi, na siku hizi kuna simu za kurekodi ujinga wote. Barabara zimekuwa za lami, kwa hiyo kasi imeongezeka. Siwezi kuwaambia kwamba zamani tulikuwa na akili, maana hatukuwa nazo. Tofauti ninayoiona ni hii: sisi hatukuwa na mtu wa kutupeleka uwanjani kutufundisha kuogopa. Wao wanaye, wakitaka kumsikiliza. Na wengine wanamsikiliza, nimewaona, na siku hizo narudi nyumbani nikiimba.

Mwaka jana macho ya baba yalianza kuingia ukungu, na alitakiwa kupanda basi la asubuhi kwenda kutibiwa. Nilikuwa Kaniha wikiendi ile. Kulikuwa na pikipiki kijijini za kutosha, na mimi tayari nilikuwa nimeshamwita kijana wa jirani. Baba akatoka na mkoba wake, akamtazama yule kijana, akamwambia asante, arudi tu. Kisha akanigeukia.

"Mpigie Yusto."

Yusto alikuja, akazima injini, akashuka na kusimama kama mtu aliyeitwa ofisini. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akampa helmeti, na kwa kuwa vidole vya baba havikuiona kamba vizuri, alimfungia yeye mwenyewe chini ya kidevu. Baba akapanda nyuma, akauliza aweke wapi mikono, kisha asingoje jibu, akamkumbatia kiunoni. Nilisimama mlangoni nalia, wala sioni aibu kusema. Wakaondoka polepole, polepole mno, kuku wakawapisha bila haraka, na kutoka barabarani nikasikia sauti ya baba, kubwa, yenye kero na furaha ndani yake:

"Yusto, ongeza mwendo bwana, basi litaniacha!"

Yusto hakuongeza.