Muswada wa Nywele

Habari za muswada ule nilizipata nikiwa nimeshika kichwa cha mteja. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, nami nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja ya Overport, mjini Durban. Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Durban haikuhitaji mwalimu wa Kifaransa, ila vichwa vya kusuka havikukosekana, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi.

Mteja mwenyewe alikuwa dada wa Chatsworth, wa ukoo wa wale wanaoitwa Wazanzibari, wazao wa watumwa walioachwa huru wakaletwa Durban zamani. Alikuwa karani wa kamati katika bunge la jimbo, kule Pietermaritzburg. Rasta ndogondogo huchukua saa tano, na katika saa tano watu husimuliana mengi. Siku hiyo aliniambia kwa Kiingereza, "Kuna muswada unakuja kuhusu kazi yenu. Kila mahali pa kutengenezea nywele patatakiwa kuwa na sinki, bomba na maji ya moto."

Mkono wangu ukasimama. Saluni yetu ilikuwa na ndoo na birika. Rafiki zangu wasukao kando ya barabara walikuwa na kiti na mwavuli tu.

"Tutazungumza na nani?" nikamuuliza.

"Mimi ni karani, sina upande," akasema. "Lakini utaratibu si siri. Unawasilishwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Njoo uone."

Nikaenda na mwenye saluni, mama wa Lubumbashi aliyenizidi miaka ishirini na sauti mara mbili. Tulivaa vitenge vyetu vya kanisani, tukakaa juu kwenye viti vya wananchi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mabishano. Waziri wa jimbo akasimama, akasema anawasilisha muswada. Katibu akasoma jina refu la muswada. Spika akasema unapelekwa Kamati ya Afya, kisha akageukia jambo jingine, la barabara.

Mama akanivuta kitenge. "Njo hii tu? Tumetoka Durban juu ya dakika moja?"

Nami niliona kama tumedanganywa. Lakini Jumamosi iliyofuata karani akaja kufumuliwa nywele, akacheka nilipomlalamikia. Akaeleza kwamba siku ya kuwasilisha ni kama mtoto kuandikishwa shule: anatajwa jina na kupewa darasa. Darasa la muswada ni kamati. Humo ndimo unasomwa kifungu kwa kifungu, watu wa nje wanaitwa waseme, na wajumbe wanaweza kuubadilisha kabla haujarudi bungeni kupigiwa kura.

"Hata mimi nisiye raia?"

"Tangazo la kamati linasema umma unakaribishwa. Wewe si umma?"

Maneno hayo yalinitosha. Nikaandika kurasa nne juu ya wanawake wanaolisha watoto kwa kusuka, juu ya vita tulivyokimbia, juu ya kodi ya nyumba. Nilijivunia Kiingereza changu. Karani alipokuja tena, nikampa asome. Akasoma zote akiwa chini ya mikono yangu, akanirudishia juu ya bega.

"Ni nzuri. Kamati ya Biashara ingeipenda sana. Lakini muswada haukwenda huko."

Nikaendelea kusuka. Nilijua amesema kweli. Nilikuwa kama mtu anayempelekea mwalimu wa hesabu insha. Usiku huo sikuandika kitu. Asubuhi niliamka na swali moja tu: watu wa afya wanaogopa nini? Wanaogopa uchafu, na wanaogopa dawa za kulainisha nywele zinazochoma ngozi. Dawa hizo haziondoki bila maji mengi. Sisi wasusi tunafanya kazi pakavu. Ukisuka nywele mbichi, zikikauka zinavuta kichwa na rasta zinalegea. Nikaandika ukurasa mmoja, nikaupeleka kwenye kamati, nao wakaniita.

Siku ya kusikilizwa tulikuwa watu sita mbele ya meza ndefu. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, alinipa dakika kumi. Nilisimama kama ninavyosimama mbele ya darasa, mikono nyuma. Watoto arobaini wa Bukavu walikuwa wagumu kuliko wajumbe wale.

Mjumbe mmoja akaniuliza, "Unataka kutuambia kazi ya nywele inaweza kuwa safi bila maji?"

"Kusuka, ndiyo, mheshimiwa. Vitana vinasafishwa kwa spiriti, mikono vilevile. Kichwa kinaoshwa nyumbani, siku moja kabla."

Nikamwona mjumbe mama upande wa kushoto, amesukwa vizuri, mistari myembamba. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kumuuliza swali. Akakubali, ingawa nadhani haikuwa desturi.

"Mheshimiwa, mara ya mwisho uliposukwa, waliokusuka walikuosha?"

Akajigusa kichwa, akacheka. "Hapana. Waliniambia nije nimeshaosha."

Wengine wakacheka pia. Mwenyekiti hakucheka, ila aliandika, na mimi nilikuwa naiangalia kalamu yake.

Wiki kadhaa zikapita. Karani akaniletea taarifa ya kamati, iliyokwisha kuwekwa hadharani. Kile kifungu cha maji kilikuwa kimegawanywa: wanaotumia dawa lazima wawe na sinki na maji ya moto, wanaosuka tu watatakiwa kuwa na vifaa safi na spiriti. Bunge likaupitisha hivyo.

Nilimsomea mama wa saluni kwa Kiswahili, polepole. Alisikiliza hadi mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa akipaka wateja dawa pale kwetu.

"Eh, mwalimu," akasema, "wasusi umewaokoa. Mimi umeniachia sinki!"

"Dawa inachoma, mama. Ningesema uongo?"

Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akamwita fundi wa mabomba, akasimama nyuma yake mchana kutwa akimwelekeza. Nami nikawaandikia wanawake wa kando ya barabara kile kifungu kwenye kadi, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, ili askari akija aonyeshwe.