Seli ya Halua

Juzi nilipita sokoni Chake, harufu ya halua inayosongwa ikanisimamisha. Nikacheka peke yangu, ndugu yangu, hata muuzaji akanitazama mara mbili.

Tulipokuwa skuli, mwalimu wa baiolojia alitutaka kila mmoja aunde seli ya mmea. Atakayekuja mikono mitupu hataingia darasani kwake. Bibi, aliyenilea, akaniuliza hiyo seli ndiyo nini. Nikamwambia ni kijumba kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, na kila jani limejengwa kwa vijumba hivyo.

"Na ndani kuna nini?" Nikamweleza. Hapo hapo akainjika sufuria motoni.

Alisuka ukili, ule mkanda wa majani ya ukindu, akauzungusha kwenye sinia: ukuta wa seli. Ndani akatandika jani laini la mgomba, ndio utando, kisha akamimina halua iwe saitoplazimu. Kungumanga nzima ikakaa kuwa kiini, kinachoamrisha yote. Lozi zikawa mitokondria, zinazoipa seli nguvu. Yeye akiziita majiko. Choroko za kuchemsha zikawa kloroplasti, zinazopika chakula kwa mwanga wa jua. Nilikatazwa kulamba hata kidole.

Nikaenda zangu chuoni kusoma Kurani. Niliporudi, wakwe wa shangazi walikuwa wamefika kutoka kisiwani Kojani bila taarifa, kama ilivyokuwa ada, na sinia limekombwa. Hata choroko walikula, wakidhani ndiyo halua ya kimjini. Ilibaki kungumanga na ukili, jani lishatupwa. Nililia sana.

"N'geni kavuka maji, mwanangu," bibi akasema. "Mie nimwambie asile, halua ya skuli?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siku ile sikupona.

Asubuhi nilibeba ukili na kungumanga yangu. Mwalimu akauliza vingine viko wapi.

"Vimeliwa, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Basi nieleze vilivyoliwa," akasema, "na kazi ya kila kimoja." Nikaeleza kwa kwikwi, sikukosea hata kimoja. Akanikalisha, akawaambia wenzangu kwamba hata mtu wa kwanza kuona seli kwa hadubini aliona kuta tupu tu.

Siku hizi wageni hupiga simu kwanza, na bibi ametangulia mbele ya haki. Namkumbuka mno. Halua zake zote naweza kukusimulia utamu wake. Ile moja aliyoisonga kwa ajili yangu peke yangu, sikuionja.