Slabu ya Nyumba ya Mzee Ubeid

Nawal binti Ubeid anauza vitenge Mchafukoge, jirani na Kariakoo, na ukimwuliza kitenge gani hakichuji atakujibu huku akipiga miayo. Lakini mwulize kwa nini ganda la yai, jembamba vile, halivunjiki ukilibana ncha kwa ncha kiganjani. Hapo utachelewa kurudi kwako. Atakueleza kwamba bamba tambarare hubeba mzigo kwa kupinda, na ganda hubeba kwa umbo lake la mviringo, na uso utamchangamka kama wa mtu aliyetajiwa mchumba wake wa zamani.

Na kweli ni mchumba. Mwaka wa mwisho wa uhandisi walifundishwa nadharia za mabamba na maganda. Wenzake walizichukia, yeye zikamteka, akapata nafasi ya kwenda kuzisoma zaidi ng'ambo. Sanduku lilikwisha fungwa baba yake, Mzee Ubeid, alipopooza upande mmoja. Mama alikwisha tangulia mbele ya haki, na mdogo wake Muhannad alikuwa bado shuleni. Nawal akafungua sanduku, akakaa dukani kwa muda tu. Muda wenyewe sasa umeota mvi. Na katika miaka yote hiyo Mzee hakumwuliza alikuwa anakwenda kusoma nini, jambo lililomuuma kuliko kuikosa safari yenyewe.

Familia inaishi juu ya duka, katika ghorofa aliyoijenga babu, na kila Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, husoma maulidi juu ya paa. Mikeka hutandikwa kwenye slabu, lile zege bapa lililofunika nyumba. Wanaume hukaa safu kwa safu wakiyumba pamoja kwa kasida, pilau ikiiva pembeni. Mzee Ubeid hubebwa pamoja na kiti chake, akawekwa katikati. Hapandi juu siku nyingine yoyote.

Mwaka huu Muhannad, ambaye biashara imemwingia hadi kwenye kucha, aligeuza ghorofa ya juu kabisa kuwa stoo ya majora ya vitenge. Kariakoo nzima inafanya hivyo. Kuta zinakula nafasi, basi akauangusha ukuta wa kati bila kumwuliza mtu. Mvua ilipokatika, Nawal alipanda kuanika nguo, akakuta dimbwi katikati ya paa, mahali ambapo maji hayajawahi kutuama. Kunguru walikuwa wakioga. Alishuka stoo, akaiona dari ilivyobonyea, akaenda moja kwa moja kumtafuta mdogo wake.

"Maulidi haisomwi juu," alimwambia Muhannad.

"Da Nawal, babu kasoma hapo, baba kasoma hapo. Leo slabu imekuwa biskuti?"

"Babu hakubomoa ukuta."

Muhannad alicheka, kisha akaenda kumshtakia kwa baba. Nawal alipoingia chumbani kwa Mzee, habari ilikwisha mtangulia.

"Nasikia unataka kuninyima paa langu," alisema Mzee.

Nawal hakubishana. Alipanga vikombe vitatu vya kahawa mstari mmoja, akavilazia kadibodi ndefu iliyotoka kwenye jora. Aliibonyeza kwa kidole, ikakaza. Kisha akakitoa kikombe cha kati.

"Hiki ndicho ukuta wa Muhannad," alisema, akabonyeza tena. Kadibodi ikazama. "Umbali ukiwa maradufu, Baba, slabu haibonyei mara mbili. Kwa unene uleule na mzigo uleule, inabonyea mara kumi na sita."

"Na sisi tunayumba pamoja."

"Mnayumba pamoja."

Mzee aliibonyeza kadibodi mwenyewe, ikazama tena. "Mwambie Muhannad asimamishe mirunda chini ya slabu leo hii. Maulidi tutasoma barabarani, tufunge turubai."

Nawal alianza kukusanya vikombe.

"Haya ndiyo uliyotaka kwenda kuyasoma?"

Nawal aliviweka vikombe chini. "Ndiyo haya."

"Sijakuuliza hata siku moja."

"Hujaniuliza, Baba."

Alilisema bila ukali. Mzee akauliza kama bado anayataka.

"Nayataka. Mpaka leo nayaota."

"Na huko wanapokea watu wazima?"

Angeweza kusema hapana, yakaisha. Mtu hapati taabu kumdanganya mgonjwa. Lakini alikuwa amechoka kuuficha moyo wake, na swali lenyewe alikuwa amelingoja mno.

"Wanapokea," alisema.

Mzee Ubeid alinyoosha mkono wake mzima, akapapasa shukani mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Basi nivumilie kidogo tu, mwanangu. Nikishazikwa, nenda."

Ruhusa ile Nawal aliisubiri tangu usichana wake. Sasa amepewa, na kila swala anamwomba Mungu aicheleweshe siku hiyo.