Jumapili ya Kumpima Mkwe

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Sponji, fundi wa makochi, mjane mwenye viganja vigumu kama soli na mdomo usiojua kunong'ona. Kochi lililoingia karakanani kwake limebonyea lilitoka limetunisha kifua.

Binti yake wa pekee, muuguzi, aliolewa na kinyozi. Wawili hao walipanga kwenda Bangkok, kuona mji, kupanda boti mtoni na kula mpaka wachoke. Tiketi zilikuwa bado hazijakatwa likizo ya binti ilipofutwa, ikasogezwa hadi mwakani. Kinyozi akataka kuahirisha. Mkewe akamkatalia.

"Ukiahirisha hutaenda tena, nakujua. Nenda na mama. Yeye ndiye kila siku anauliza huko watu wanakula nini."

Kinyozi alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Mama mkwe unaweza kumheshimu miaka mingi usijue utaongea naye nini kwenye kiti kimoja cha boti. Mama Sponji hakuona taabu yoyote.

"Mimi niko tayari," alisema. "Ila sinunui kochi kabla ya kulikalia. Jumapili tutembee hapa hapa mjini, kutwa, kama wageni. Tukishindwana hapa, huko tutauana."

Jumapili kinyozi alikuja na kofia na viatu vya mbio. Alitaka waone makumbusho, kisha bustani, kisha daraja kuu, ndipo wale. Alitembea kama mtu anayekimbia mvua. Mama Sponji alikwenda mwendo wake, akasimama penye harufu ya samaki wa kukaanga, akasimama tena kumuuliza muuza viungo maswali. Kila aliposimama, mkwewe alitabasamu kwa meno tu. Darajani kijana akatangulia bila kugeuka. Mama Sponji akamtazama akitokomea, kisha akaingia kwenye mgahawa wa supu ulio kando ya barabara na kuagiza mabakuli mawili.

Kinyozi alirudi jasho likimtiririka.

"Mama, nimekutafuta kila mahali."

"Mimi sijapotea, nimekaa. Kula kwanza."

Alikula bila kuinua kichwa, akaongezwa. Uso ukakunjuka. Mama Sponji akaelewa.

"Kumbe hukunywa hata chai."

"Niliogopa kukuchelewesha," alisema. Akachezea kijiko. "Mama, nikwambie kweli. Mimi nimezoea kuongea na watu nikiwa nyuma yao, nimeshika mashine. Uso kwa uso maneno yananikimbia. Ndiyo maana natembea mbio."

Mama Sponji alicheka mpaka mwenye mgahawa akageuka. Kumbe muda wote alidhani kijana anamwona mzigo.

"Basi huko tutakaa ubavu kwa ubavu, tutazame mto. Usiponitazama utaongea."

Kinyozi naye akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yake. Hapo hapo mezani wakaipanga safari upya. Asubuhi watakula kabla ya jambo lolote. Kisha mahekalu, jua likiwa bado pole. Mchana watalala. Jioni boti, halafu masoko ya usiku, kila mmoja akichagua kibanda kwa zamu. Kinyozi akaeleza kwamba kwenye mahekalu ni lazima kufunika mabega.

"Nitashona mitandio," alisema Mama Sponji.

"Kwa vitambaa vya makochi, mama?"

"Ndivyo visivyochanika."

Keshoyake tiketi zikakatwa. Na asubuhi ya kwanza ugenini, Mama Sponji alionja tambi zenye pilipili, machozi yakamtoka, pua ikamchuruzika, akaomba bakuli la pili. Kinyozi, aliyekaa ubavuni pake akiutazama mto, alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya mteja aliyesinzia kwenye kiti, akanyolewa nusu, umeme ukakatika. Mama Sponji alifuta macho, akamwambia aendelee.